AMIRI ABDULKADIR WA ALJERIA NA HAKI YA MTU ALIYE MIKONONI MWAKO

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.



Ijumaa moja baada ya swala, kijana mmoja alibaki msikitini akaniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu pale pale. Yeye na mama yake walikimbia kijiji chao kwa sababu ya vita, na nyumba yao ikachomwa. Akataka kujua hivi: mtu wa kabila la wale waliochoma, akikutwa peke yake njiani, au akija kuomba maji mlangoni, ana haki gani kwetu? Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu ambaye usingizi umemkataa. Nilimkumbusha ile aya ya Suratul Israa inayofundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewatukuza wanadamu, wala haikubagua kabila. Nikamkumbusha ile ya Suratul Maida inayotukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Zote mbili alizijua. Alichotaka kujua ni kama kuna mtu aliyewahi kuzifuata huku majivu ya nyumba yake yangali miguuni pake.

Yuko. Ndiyo maana karatasi ya leo inaeleza maisha ya Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin, mtu wa Aljeria, aliyefariki mwaka 1883.

Alizaliwa mwaka 1808 katika kijiji cha Guetna, karibu na mji wa Mascara, magharibi ya Aljeria. Baba yake, Sheikh Muhyiddin, alikuwa mkuu wa zawiya ya tarika ya Kadiria, tarika ile ile ambayo wazee wetu wengi wa Maniema waliifuata. Zawiya ilikuwa shule, mahali pa kulaza wageni, na mahali pa kusuluhisha ugomvi wa makabila. Mtoto alihifadhi Kurani mapema, akasoma fikihi na lugha, na pia alikuwa hodari sana wa kupanda farasi. Wakati ule nchi ilitawaliwa na Waturuki, na bey wa Oran aliogopa jinsi watu walivyompenda Sheikh Muhyiddin. Akamzuia mjini Oran pamoja na mwanawe, wakae chini ya ulinzi. Kwa hiyo Abdulkadir alionja dhuluma ya mtawala Mwislamu kabla ya kuonja ya Mzungu. Tulikumbuke hilo, maana baadhi yetu tunadhani dhuluma ina dini moja.

Walipoachiwa walikwenda kuhiji, wakapita Misri, Damascus na Baghdad, wakarudi nyumbani mwaka 1828. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Julai 1830, majeshi ya Ufaransa yakateka mji wa Algiers, na mwaka 1831 wakaingia Oran. Utawala wa Waturuki ukaanguka na nchi ikabaki bila kichwa. Makabila ya magharibi yakamwendea Sheikh Muhyiddin awe kiongozi wao. Akakataa kwa sababu ya uzee, akawaonyesha mwanawe. Mwezi wa Novemba 1832, katika uwanda wa Ghriss, watu walimpa kijana wa miaka 24 mkono wa baia. Hakutaka kuitwa sultani. Jina alilokubali ni Amiri wa waumini, na siku zote alivaa nguo za kawaida.

Habari za mapigano yake ni ndefu na sitazieleza zote hapa. Alipigana na Wafaransa miaka 15. Mwaka 1834 jenerali Desmichels alifanya naye mapatano. Mwaka 1835 Amiri alishinda vita vya Macta. Mwaka 1837 jenerali Bugeaud akatia sahihi mkataba wa Tafna, uliomwachia Amiri sehemu kubwa ya nchi. Miaka michache ya amani aliitumia kujenga dola: makadhi wenye mishahara, kodi ya zakati na ushuru, viwanda vidogo vya bunduki na baruti, shule, na maktaba aliyoikusanya kitabu kimoja kimoja. Mwishoni mwa 1839 vita vikaanza tena.

Bugeaud aliporudi mwaka 1841 kama Gavana Mkuu, alibadili namna ya vita. Aliona kwamba hamwezi Amiri kwa sababu Amiri hana ngome za kuzingirwa, basi akapiga kile kilichomlisha. Askari walichoma mashamba ya ngano, wakakata mitini na mizeituni, wakachukua kondoo na ng'ombe, wakabomoa maghala. Kufikia mwaka 1846 Ufaransa ilikuwa na askari zaidi ya 100,000 katika nchi ile. Mwezi wa Juni 1845, katika milima ya Dahra, watu wa kabila la Ouled Riah walijificha pangoni pamoja na wanawake, watoto na mifugo yao. Kanali Pélissier akaamuru moto uwashwe kwenye milango ya pango. Moshi ukawaua mamia kwa mamia. Habari ilipofika Paris wako waliopiga kelele bungeni, lakini Pélissier hakuadhibiwa, na baadaye akapandishwa cheo mpaka akawa marshali wa Ufaransa.

Nimeeleza hayo ili msomaji ajue Amiri alikuwa anapigana na watu wa namna gani. Sasa tutazame alivyowatendea watu hao walipoangukia mikononi mwake.

Ilikuwa desturi ya vita katika nchi ile, tangu zamani, kwamba mpiganaji anayeleta kichwa cha adui analipwa. Wafaransa nao walikuwa na washirika waliofanya hivyo hivyo. Amiri akaikata desturi hiyo. Akatangaza kwamba anayeleta adui akiwa hai ndiye atakayepata zawadi, na anayemkata kichwa mtu aliyekwisha kamatwa atapigwa fimbo. Mateka alipofikishwa aliulizwa kwanza alitendewaje njiani, na kama aliteswa, aliyemleta alikosa zawadi yake. Hebu tufikiri jambo hilo, ndugu zangu. Neno la mateka, kafiri, adui wa jana, lilisikilizwa juu ya neno la mpiganaji Mwislamu. Wengine katika jeshi lake walinung'unika sana.

Mateka walipewa chakula kama walichokula askari wake. Wanawake waliotekwa walikaa karibu na hema la mama yake, Lalla Zohra, naye mwenyewe aliwaangalia na kuwauguza. Hakuna aliyelazimishwa kusilimu. Tena Amiri alimwandikia askofu wa Algiers, Antoine-Adolphe Dupuch, akikubali padri aje kukaa na mateka Wakristo ili wasikose ibada yao. Na ulifika wakati ambapo hakuwa na chakula cha kuwatosha, maana mashamba yalikuwa yamechomwa. Aliwaachia mateka waende zao bila kudai kitu, kwa sababu hakuona kuwa ni halali kumfunga mtu ambaye huwezi kumlisha. Suratul Insaan inawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mateka. Sisi tunaisoma sana, na masikini na yatima tunawakumbuka.

Pamoja na huyo askofu Dupuch kulitokea jambo ambalo mimi binafsi nalipenda kuliko vita vyote. Mwaka 1841 mwanamke mmoja Mfaransa alimwendea askofu akilia, mume wake ametekwa. Askofu akamwandikia Amiri, ambaye hawajawahi kuonana, akamwomba huruma kwa mtu huyo mmoja. Amiri akakubali, lakini katika jibu lake alimlaumu askofu kwa heshima. Alimuuliza kwa nini, akiwa mtumishi wa Mungu, ameomba mmoja tu na si mateka wote Wakristo. Kisha akamuuliza pia kwa nini hakuwakumbuka Waislamu waliojaa katika magereza ya Wafaransa. Askofu hakukasirika. Alilikubali lawama hilo, na mwezi wa Mei mwaka ule mateka wa pande zote mbili walibadilishana. Askofu akawa rafiki yake mpaka mwisho, na wakati Amiri mwenyewe alipokuwa mfungwa, Dupuch aliandika kitabu kizima kudai aachiwe.

Haya yote yalitokea zaidi ya miaka 20 kabla ya mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1864. Watu wa Msalaba Mwekundu wenyewe wanalitambua hilo, na mwaka 2013 walishiriki katika mkutano uliofanyika Algiers juu ya Amiri na sheria za vita.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka 1838 alizingira mji wa Ain Madhi, makao ya ndugu zetu wa tarika ya Tijania, kwa sababu kiongozi wao hakutaka kuwa chini yake. Mzingo ulidumu miezi sita, na mwisho kuta za mji zikabomolewa. Waislamu kwa Waislamu, wakati adui yuko mlangoni. Na mwezi wa Aprili 1846, Amiri akiwa mbali kusini, kambi yake iliyokuwa karibu na mto Moulouya ilikosa chakula na kuogopa kushambuliwa. Khalifa wake, Mustafa bin Thami, ambaye pia alikuwa shemeji yake, akaamuru mateka Wafaransa wauawe usiku. Waliobaki hai ni wachache. Amiri hakuwepo, lakini mateka walikuwa chini ya bendera yake, na doa hilo limebaki katika historia yake. Sheria yake ilikuwa nzuri. Ilivunjwa siku ambayo yeye hakuwepo kuisimamia.

Wakati ule alikuwa amekwisha kupoteza karibu kila kitu. Mwezi wa Mei 1843 mtoto wa mfalme wa Ufaransa, Duc d'Aumale, alivamia mji wake wa mahema, ulioitwa smala. Watu wapatao 3,000 walitekwa, na ile maktaba ikatawanywa. Sultani wa Moroko alimsaidia, akapigwa huko Isly mwaka 1844, kisha akamgeuka. Mwezi wa Desemba 1847 Amiri aliwakusanya waliobaki akawapa shauri. Angeweza kupenya jangwani na wapanda farasi wachache, lakini wanawake, wazee na majeruhi wangebaki nyuma. Akaamua kuweka silaha chini kwa sharti moja: apelekwe Alexandria au Akka, katika nchi ya Waislamu. Jenerali Lamoricière alimpa ahadi kwa maandishi. Duc d'Aumale, ambaye sasa alikuwa Gavana Mkuu, akaithibitisha. Basi Amiri akatoa farasi wake na kupanda meli.

Meli ilikwenda Toulon, Ufaransa. Wakafungiwa ngomeni.

Hapa ndipo mtu aliyelinda haki ya wafungwa anakuwa mfungwa. Walikuwa karibu watu 100 pamoja naye: mama yake mzee, wake, watoto, ndugu na watumishi. Baada ya miezi miwili mfalme wa Ufaransa akapinduliwa na jamhuri ikatangazwa. Serikali hiyo mpya, mwezi wa Aprili 1848, ilifuta utumwa katika makoloni yake yote. Ilikuwa kazi kubwa na ya haki, hakuna wa kuikana. Lakini mwezi ule ule wa Aprili, serikali ile ile ilimhamisha Amiri kutoka gereza la Toulon kumpeleka gereza la Pau, na mwezi wa Novemba ikampeleka katika ngome ya Amboise, kando ya mto Loire. Na waziri wa vita wakati huo alikuwa nani? Lamoricière, yule yule aliyetia mkono ahadi.

Walimtuma jenerali Daumas kumshawishi. Atapewa ardhi, nyumba nzuri na utajiri katika Ufaransa, iwapo tu atawasamehe ahadi yao kwa hiari yake. Hakukubali. Alieleza kwamba ahadi hiyo si mali yake peke yake hata aiuze, na kwamba hata wakimwekea mali yote ya Ufaransa katika joho lake atachagua kufa mfungwa kuliko kuwapa kibali cha kuvunja neno lao. Hakutoroka, hakutukana walinzi, hakuomba huruma. Kila mgeni mkubwa aliyefika alimkumbusha jambo moja tu, kwamba yeye si mtu aliyekamatwa vitani, ni mtu aliyeahidiwa. Wafungwa wengine wa heshima huchoka wakaanza kudai chakula kizuri zaidi. Yeye alidai neno litimizwe.

Hali ya hewa ya Amboise ni ya baridi na unyevunyevu, na watu wa jangwani hawakuizoea. Wakaanza kufa. Watu 25 wa jamaa yake walizikwa katika bustani ya ngome ile, na watoto wamo.

Mwezi wa Oktoba 1852, Louis-Napoléon, aliyekuwa karibu kujitangaza kuwa mfalme, alifika Amboise yeye mwenyewe kumpa habari ya kuachiwa. Miaka mitano ilikuwa imepita. Amiri akaenda Bursa katika nchi ya Waturuki, na mwaka 1855 akahamia Damascus. Ufaransa ilimlipa posho kila mwaka, na wako wanaomlaumu kwa kuipokea. Wanamlaumu pia kwamba mwaka 1871, Waaljeria walipoinuka, alimkana hadharani mwanawe aliyejiunga nao. Alikuwa ameahidi kutorudi kupigana na Ufaransa, na kwake ahadi iliyotolewa kwa mdhalimu ilikuwa bado ni ahadi. Mimi ninaona ugumu katika hilo, na sitawaficha. Wajukuu wa watu waliochomewa pangoni wana haki ya kuuliza.

Huko Damascus alikaa akisomesha, katika msikiti mkuu wa Banu Umayya na nyumbani kwake. Waaljeria wapatao 1,000 waliokimbia nchi yao walimfuata wakakaa kumzunguka.

Mwaka 1860 vita vikazuka katika milima ya Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristo Wamaroni, na Wakristo wengi waliuawa. Chuki ikashuka mpaka Damascus. Sababu zilikuwa nyingi: kodi ya kutokwenda jeshini, biashara, wivu juu ya Wakristo waliotajirika wakiwa chini ya ulinzi wa mabalozi wa Ulaya, na uvumi wa kila namna. Amiri aliona mapema. Alikwenda kwa gavana, Ahmad Pasha, kumwonya, zaidi ya mara moja, na gavana akamtuliza kwa maneno. Akawaendea mashekhe na wakubwa wa mitaa. Akawapatia Waaljeria wake silaha.

Tarehe 9 Julai moto ukawaka. Vijana Waislamu walikuwa wamechora misalaba chini barabarani ili Wakristo waikanyage. Serikali ikawakamata na kuwafunga minyororo, ikawaamuru wafagie mitaa ya Wakristo mbele ya watu. Umati ukakasirika, maduka yakafungwa, na watu wakamiminika katika mtaa wa Wakristo, wengine wakiwa na shoka na wengine na makopo ya mafuta. Askari wa serikali walisimama wakitazama, na baadhi yao wakaiba. Uuaji ulidumu siku nane. Maelfu ya watu walikufa, na mtaa mzima ukageuka majivu.

Tukumbuke ni nani huyu anayetazama moto ule. Ni mtu ambaye Wakristo wa Ulaya walichukua nchi yake, wakachoma ngano ya watu wake, wakawaua wazazi na watoto kwa moshi, wakamdanganya kwa maandishi, na wakamwachia makaburi 25 katika bustani ya ugeni. Mtu wa namna hiyo akifunga mlango wake siku ile, nani angemshangaa?

Hakufunga. Alitoka na Waaljeria wake, wakaingia katika vichochoro vinavyowaka wakiita watu watoke waliko, wakiwaapia kwamba wao ni watu wa Abdulkadir na wamekuja kuwaokoa. Walimchukua balozi mdogo wa Ufaransa, ndiyo, wa Ufaransa, pamoja na mabalozi wengine. Waliwatoa mapadri, masista, na watoto wa shule zao. Wengi wa waliookolewa lakini walikuwa Wakristo wa kawaida wa Sham, wafumaji na wachuuzi, watu wasio na balozi wa kuwaulizia. Nyumba ya Amiri ikajaa mpaka watu hawakuweza kukaa chini. Hapo akaanza kuwapeleka kwa makundi katika ngome ya mji, wakilindwa na watu wake, ili nafasi ipatikane kwa wengine. Akatangaza zawadi ya piasta 50 kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake mzima. Ni ile ile hesabu ya zamani, ya siku za jangwani. Siku nyingi alilala juu ya mkeka mlangoni pake, mfuko wa fedha ukiwa kando, akipokea watu.

Umati ukaja mpaka mlangoni pake ukidai Wakristo watolewe. Akatoka mbele yao. Aliwakumbusha kwamba dini yao imekataza wanachokifanya, na kwamba maadamu mmoja wa watu wake anasimama hawatampata hata Mkristo mmoja. Wakamkumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyopigana na Wakristo. Jibu lake lilikuwa kwamba wale walikuwa wameingia katika nchi yake kwa silaha, na hawa ni majirani. Kisha akawaamuru watu wake wajiandae kupigana. Umati ukatawanyika.

Hakuwa peke yake, na ni dhuluma kuwasahau wengine. Katika mtaa wa Midan, wakubwa Waislamu kama Salim Agha al-Mahayini waliwaficha na kuwalinda Wakristo wa huko, na mtaa ule haukuwa na mauaji kama ya kwingine. Mwanachuoni Mahmud Hamza naye aliwalinda wengi. Kwa jumla walionusurika kwa mkono wa Amiri na watu wake wanahesabiwa kwa maelfu. Baadaye sultani alimtuma Fuad Pasha kuhukumu. Wengi walinyongwa au kupigwa risasi, na gavana Ahmad Pasha naye akauawa kwa kuacha wajibu wake.

Ulimwengu ukampa Amiri sifa. Ufaransa, Urusi, Ugiriki, Prussia na sultani mwenyewe walimpa nishani, na rais Lincoln wa Marekani akamtumia bastola mbili. (Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, kuna mji mdogo uitwao Elkader, uliopewa jina lake tangu mwaka 1846, alipokuwa bado anapigana.) Lakini barua iliyomgusa zaidi ilitoka kwa Imamu Shamil wa Dagestani, ambaye alipigana na Warusi miaka mingi na wakati huo alikuwa mfungwa wao katika mji wa Kaluga. Mfungwa huyo alimsifu kwa kuishika sunna ya Mtume (s.a.w.) wakati ambapo Waislamu wengine waliisahau. Amiri alimjibu kwa unyenyekevu, kwamba alichofanya ni wajibu wa dini na haki ya ubinadamu tu, na akasikitika kwamba watu wanaodhani Uislamu ni ugumu wa moyo wamekuwa wengi, na wamo Waislamu ndani yao.

Aliishi miaka 23 mingine akisomesha na kuandika. Watu wa Damascus, Waislamu na Wakristo, walimletea mashauri yao. Alifariki mwezi wa Mei 1883, akazikwa katika mtaa wa Salihiya, kando ya kaburi la Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi, ambaye alisoma vitabu vyake maisha yake yote. Mwaka 1966, baada ya Aljeria kupata uhuru wake, mabaki yake yalihamishwa hadi Algiers, na yuko huko katika makaburi ya El Alia. Wale 25 wa jamaa yake wangali Amboise. Kwa muda mrefu makaburi yao hayakuwa na majina. Mwaka 2005 msanii mmoja wa Aljeria aliwawekea mawe katika bustani ile ya ngome, jiwe moja kwa kila mtu.

Wabillahi tawfiq.